Jinsi ya kufuatilia asili ya neno la Kiingereza, na kuitumia kwenye tahajia na sarufi

Mwanafunzi wa Mbita akiandika "iland" kwenye imla anakatwa alama, na mwalimu hajakosea. Lakini mtoto huyo ameliandika neno karibu zaidi na asili yake kuliko kamusi. Waingereza wa kale waliita kisiwa "iegland", neno lisilo na s hata moja. Herufi hiyo ilipachikwa katika karne ya 16 na watu waliodhani neno hilo ni ndugu wa "isle", lililotoka kwa Kilatini "insula" kupitia Kifaransa. Undugu huo haukuwepo. S ikabaki, na leo imo kwenye kila kibao kinachoelekeza wageni visiwa vya Rusinga na Mfangano.

Mtu aliyejua s hiyo ilivyoingia haisahau tena. Hiyo ndiyo faida ya kufuatilia asili: unalifuata neno hadi lilikotoka, kisha unarudi na kitu cha kutumia, iwe tahajia, umbo la wingi au kihusishi kinachostahili. Na anayeongea Kiswahili ana mwanzo mzuri, kwa sababu funguo nyingi tayari anazo mdomoni.

Vitu vya kuwa navyo

Kwanza ni kamusi inayotaja asili ya maneno. Kamusi nyingi ndogo za shuleni huiacha sehemu hiyo ili kupunguza kurasa. Kabla ya kulipa, fungua neno "school". Ukikuta Kigiriki kimetajwa mahali fulani kwenye maelezo, mara nyingi kwa kifupi "Gk", nunua. Chambers na Concise Oxford zinafaa. Maktaba ya kitaifa ina matawi Kisumu na Nakuru. Kamusi nene hukaa upande wa marejeo, kwa hiyo nenda na daftari, usitegemee kuazima. Kwenye simu, tovuti ya Etymonline ni ya bure na hutaja karne au mwaka ambao neno lilianza kuonekana. Kubwa kuliko zote ni Oxford English Dictionary, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho 1928. Nguvu yake ni mifano yenye tarehe: kila maana ya neno ina sentensi ya zamani kabisa iliyopatikana.

Pili ni daftari lenye safu nne: neno, mwaka, njia lililopitia, na kazi. Safu ya nne ndiyo watu huiacha wazi, nayo ndiyo yenye thamani. Andika hapo jambo moja ambalo asili hiyo inakurekebishia. Maneno matatu kwa siku yanatosha. Ukilazimisha kumi, yale ya Kifaransa na Kilatini yatachanganyika kichwani kwa sababu yanafanana mno.

Kusoma kidahizo (neno na maelezo yake kwenye kamusi) bila kupotea

Chukua "debt", yaani deni. Maelezo ya asili yake huandikwa namna hii: ME dette < OF dette < L debitum. Yasome kutoka kushoto, kila hatua ikikurudisha nyuma zaidi. ME ni Kiingereza cha kati, takriban mwaka 1100 hadi 1500. Alama < husema "limetoka kwa". OF ni Kifaransa cha kale, L ni Kilatini. Ukikutana na OE, hicho ni Kiingereza cha kale, kabla ya 1100 hivi. ON ni Kinorsi, lugha ya Waviking. Nyota ndogo mbele ya neno humaanisha kwamba neno hilo halijakutwa limeandikwa popote. Wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha zenye ukoo mmoja.

Sasa tazama herufi moja moja. "Dette" ya Kiingereza haina b. Ile ya Kifaransa iliyoizaa haina b. B imo kwenye "debitum" peke yake. Basi haikupotea kwenye matamshi ya Waingereza, haikuwamo. Wasomi waliokitukuza Kilatini waliirudisha kwenye karatasi tu. "Doubt" lilifanyiwa vivyo hivyo kwa ajili ya "dubitare", na "receipt" likapewa p ya "recepta". Safu ya nne unaijaza hapa: ukiwa na shaka na b ya "debt", kumbuka "debit" ya benki, ambako b inasikika. Ukisahau p ya "receipt", kumbuka "reception". Halafu tazama "deceit", neno la ukoo uleule, ambalo liliachwa bila p. Marekebisho ya wasomi hayakufuata utaratibu, ndiyo maana huwezi kuyakisia. Lazima uyaangalie neno kwa neno.

Neno ni la tabaka gani?

Kiingereza kimejengwa kwa matabaka, na tahajia mara nyingi inakuonyesha tabaka kabla hata hujafungua kamusi. Chini kabisa kuna maneno mafupi ya Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale, ya nyumbani na shambani: "house", "bread", "water", "mother". Juu yake kuna utando mwembamba wa Waviking: "sky", "egg", "skin", hata kiwakilishi "they". "Window" ni lao pia, kutoka "vindauga", jicho la upepo. Mwaka 1066 William wa Normandy, huko Ufaransa, akaiteka Uingereza, na kwa vizazi vingi Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na mahakama: "court", "judge", "prison", "tax". "Mortgage", ambalo wengi wamelifahamu kwa uchungu kupitia hati ya shamba, ni Kifaransa cha kale cha "rehani iliyokufa". Juu kabisa kuna Kilatini na Kigiriki cha vitabuni.

Dalili zake ni hizi. Kn-, wr- na gh za katikati au mwishoni huwa za tabaka la chini, na zote zilitamkwa. "Knee" lilianza kwa k inayosikika, kama Wajerumani wasemavyo "Knie" hadi leo. Gh ya "night" ilikuwa sauti ya kh, ile unayoisikia kwa mzee anayesema "subalkheri" bila kuilainisha. Baadaye sauti hiyo ilififia katika "night" na ikageuka f katika "laugh" na "enough". Kwa upande mwingine, ph, rh, na ch inayosomwa k huashiria Kigiriki: "photograph", "rhythm", "chemist". "School" ni la kundi hili, na chanzo chake, "skholē", kilimaanisha wakati wa mapumziko. Shule yetu imetoka hapohapo kwa njia nyingine, kupitia "Schule" ya Wajerumani.

Zipo herufi za ajali. H ya "ghost" ilitoka kwa wachapaji. William Caxton, aliyefungua matbaa ya kwanza ya Uingereza huko Westminster mwaka 1476, alikuwa ameishi miaka mingi Flanders, katika Ubelgiji ya leo, ambako neno hilo liliandikwa "gheest".

Na irabu je? Anayeandika Kiswahili kila siku huona Kiingereza kimekosa adabu, herufi a ikisomwa "ei" hapa na "a" pale. Zamani adabu hiyo ilikuwepo. Kabla ya 1400 hivi, "name" lilisomwa karibu na "naa-me" na "time" karibu na "tii-me", irabu zikiwa na sauti kama zetu. Kati ya karne ya 15 na ya 17 irabu ndefu zikahama midomoni mwa watu, huku matbaa zikiwa zimeshaanza kuigandisha tahajia. Kutokana na hilo kuna mbinu inayofanya kazi vizuri sana kwa imla: lisome neno kimoyomoyo kwa Kiswahili, "ti-me", "kni-fe", "Wed-nes-day". Mtoto anayefanya hivyo anarudia, kwa kiasi kikubwa, matamshi ambayo tahajia ile iliandikiwa. Kwa "island" na "debt" hatarudia matamshi ya mtu yeyote wa kale, lakini herufi atazipata.

Tabaka pia huamua -able na -ible, ambazo husumbua hata waliobobea. Ondoa kiambishi hicho. Kikibaki kitenzi kamili cha Kiingereza, kama "drink" au "read", weka -able. Kikibaki kipande kisichosimama peke yake, kama "vis-" au "ed-", uwezekano mkubwa ni -ible, kwa kuwa neno lilikuja zima kutoka Kilatini. Kanuni hii huvunjika kwa "accessible" na "collapsible", tena kwa "capable" kwa upande wa pili. Yaandike hayo matatu nyuma ya daftari.

Buchari

Mfano unaopendwa zaidi wa matabaka uko buchari. Mnyama malishoni ni "cow" au "ox", nyama yake "beef". "Sheep" huwa "mutton", "pig" huwa "pork", "calf" huwa "veal". Jina la mnyama ni la mchungaji Mwanglo-Saksoni, jina la nyama ni la bwana Mnormani mezani. Ukweli umo, ila usiukaze kupita kiasi: kwa karne kadhaa "beef" na "mutton" ziliweza kumtaja mnyama aliye hai pia, na mgawanyo tulionao ulikomaa baadaye.

Kwa anayeandika menyu ya hoteli, kazi yake ni hii. Usiandike "cow meat" wala "sheep meat". Kuku na samaki hawakugawanywa, kwa hiyo "chicken" hubeba maana zote mbili, na sarufi ndiyo inayozitenga: "two chickens" ni kuku wawili wenye miguu, "some chicken" ni nyama kwenye sahani. Samaki wa Kisumu ana mkasa wake. "Tilapia" linasikika kama Kilatini, na kwa umbo ndivyo lilivyo, lakini mwanasayansi Andrew Smith aliyelitunga mwaka 1840 alilitoa kwenye neno la Kitswana la samaki. Ngege, yaani tilapia, wa ufuo wa Dunga ana jina la kimataifa lenye mzizi wa Kibantu.

Maneno ambayo tayari unayo

Hapa mtu wa Kiswahili humshinda Mwingereza. Maneno mengi yaliingia Kiingereza kutoka Kiarabu kwa kupitia Italia, Uhispania, Ureno au Uturuki, nasi tuliyapata Kiarabu hichohicho kwa njia ya pwani. "Sugar" na sukari ni neno moja, na kabla ya Waarabu lilikuwa la Kisanskriti. Lori za miwa za Muhoroni na Chemelil zinabeba kitu kile kile kwa majina mawili. Sifuri imezaa "zero" na vilevile "cipher". Hazina ina mzizi mmoja na "magazine", lililomaanisha ghala kabla ya kumaanisha gazeti, na ndiyo sababu chemba ya risasi bado huitwa hivyo. Msimu ndiye "monsoon". Amiri yumo ndani ya "admiral", sharubati ndani ya "sherbet", na kuba ya msikiti ndani ya "alcove". Taarifa na "tariff" zinatoka kwa kitenzi kimoja cha kujulisha: orodha ya ushuru ilikuwa tangazo la bei, na viwango vya umeme kwenye bili vinaitwa hivyo kwa sababu hiyohiyo.

Kwa upande wa Kihindi kuna bangili na "bangle". Chai na "tea" zote ni za China: umbo la chai lilisafiri zaidi kwa nchi kavu kupitia Uajemi, "tea" likapakiwa na Waholanzi kwenye meli kutoka pwani ambako watu walitamka "te".

Tahadhari moja: kufanana hakutoshi. Kiajemi kina neno "bad" lenye maana ileile ya "bad" ya Kiingereza, sauti karibu ileile, na hakuna undugu wowote kati yao. Lazima njia ionekane: nani alilipeleka wapi, karne gani.

Wingi usiofuata s

Wanafunzi hukariri "foot, feet" na "tooth, teeth" kama adhabu. Waelezwe kwa jino. Ma- ikikutana na -ino, irabu mbili zinaungana na kuwa e: meno. Jiko huwa meko kwa sababu ileile. Kiingereza cha kale kabisa kilikuwa na wingi ulioishia kwa sauti ya i; i hiyo ikaivuta irabu ya katikati ielekee kwake, kisha yenyewe ikadondoka. Alama pekee iliyobaki ni irabu iliyobadilika. "Man, men", "goose, geese" na "mouse, mice" ni zao la mvuto huohuo.

"Sheep" na "deer" hazibadiliki kwa kuwa zilikuwa kwenye kundi la nomino lisilochukua kiishio cha wingi, kama nyumba na nguo zetu. "Oxen" ni mabaki ya wingi wa -en. "Children" lina wingi mara mbili: r ni ya wingi wa kale, na watu walipoacha kuisikia hivyo wakaongeza -en.

La kupendeza zaidi ni "pea". Njegere moja iliitwa "pease". Watu wakasikia s mwishoni, wakadhani ni ya wingi, wakaiondoa ili kupata umoja. Sisi tulifanya hivyohivyo na kitabu: Kiarabu "kitab" hakina kiambishi chochote mbele, lakini tulisikia ki-, tukatoa vitabu. Mwalimu akiweka mifano hiyo miwili ubaoni sambamba, darasa linaelewa kwa dakika tano.

Maneno ya Kilatini na Kigiriki yalikuja na wingi wao, na hapa makosa ni ya kila siku. "Criteria" na "phenomena" ni wingi. Umoja ni "criterion" na "phenomenon". "Alumni" ni wingi vilevile. Mwanamume mmoja aliyesoma shule fulani ni "alumnus", mwanamke mmoja ni "alumna", na kundi la wanawake watupu ni "alumnae". Maana ya asili ni mtu aliyelelewa na kulishwa. Kwa hiyo "I am an alumni" kwenye wasifu wa kazi ni kusema mimi ni wahitimu.

A na an

Wengi hufundishwa kwamba "an" huongezwa n mbele ya irabu. Historia ni kinyume: "an" ndilo umbo la kale, lilikuwa neno la "moja", na n ilidondoka mbele ya konsonanti. Ukilijua hilo utasikiliza sauti, hutatazama herufi: "an hour", kwa kuwa h haisikiki, "a university", kwa kuwa inaanza na sauti ya y, "an MP", "an M-Pesa message", kwa kuwa M peke yake husomwa "em".

N hiyo imewahi kuhama nyumba. Aproni ilikuwa "a napron", jamaa wa "napkin". Watu wakasikia "an apron". Nyoka "nadder" akawa "an adder" kwa njia ileile. Mara nyingine ilihamia upande wa pili: "an ekename", jina la nyongeza, likawa "a nickname".

Hadithi za kukataa

Ukiambiwa neno la zamani ni kifupisho cha sentensi, kataa kwanza. "News" si herufi za mwanzo za pembe nne za dunia (North, East, West, South). Ni wingi wa "new", mambo mapya, ingawa leo huchukua kitenzi cha umoja: "the news is bad". "Posh" na "tip" zina hadithi kama hizo, nazo hazina ushahidi. Vifupisho vinavyosomwa kama neno vilishamiri karne ya 20, kama "radar" na "laser". "OK" ni nadra: kweli ni kifupisho, cha tahajia ya mzaha "oll korrect", na kilichapishwa kwenye gazeti la Boston mwaka 1839. Tofauti ni hiyo, lina gazeti na mwaka.

Sheria za sarufi nazo zikaguliwe. Mshairi Mwingereza John Dryden alilalamika mwaka 1672 kuhusu sentensi zinazoishia na kihusishi, na walimu wakaifanya amri. "The house I live in" ni Kiingereza safi cha tangu zamani. Vivyo hivyo kukatazwa kutenganisha "to" na kitenzi. Waliotetea katazo hilo walitoa mfano wa Kilatini, ambacho kitenzi-jina chake ni neno moja lisilopasuliwa. Hata Kiswahili, chenye ku- iliyogandana, hupachika kitu katikati: kutosoma, kumwona.

Kwenye barua na barabarani

"Equipments", "furnitures", "luggages", "informations": futa s zote. "Luggage" lina kiishio -age cha Kifaransa kinachokusanya vitu kuwa lundo, kama "baggage", na lundo halihesabiwi. Ukitaka idadi, sema "two pieces of luggage".

Neno la abiria wa matatu ni "alight", yaani kushuka. Kati ya Nakuru na Kisumu hata asiyeongea Kiingereza hulitumia kumwambia kondakta. Asili yake ni kitenzi cha kale cha kupunguza uzito, yaani kumwondolea farasi mzigo kwa kushuka. Kwa kuwa unajitoa juu ya kitu, linahitaji "from": "alight from the bus". Steji unaposhukia ni kituo cha kusimama katika safari ndefu za magari ya farasi. "Bus" ni kipande cha mwisho cha "omnibus", Kilatini cha "kwa wote". Ukifika Busia ukapanda boda, unatumia "border" la Kifaransa cha kale, lililogeuzwa Kiswahili na waliokuwa wakivusha watu mpakani kwa baiskeli.

Barua ikiwa na maneno mawili ya maana moja kutoka matabaka mawili, chagua la chini isipokuwa sheria inakudai: "buy" badala ya "purchase", "help" badala ya "assist", "begin" badala ya "commence". Kwenye hati za mawakili usiyaguse. "Will and testament" huunganisha Kiingereza na Kilatini, na jozi za aina hiyo zimekuwa sehemu ya lugha ya mawakili tangu zamani.

Mara kwa mara kamusi itakujibu kwa maneno mawili, "origin unknown". Andika "haijulikani" kwenye safu ya tatu bila kubuni chochote. Neno la kale la mbwa lilikuwa "hund", ambalo sasa ni "hound". "Docga" huonekana mara chache sana mwishoni mwa Kiingereza cha kale, halina ndugu anayejulikana katika lugha jirani, nalo ndilo lililokuja kuwa "dog".